-me- ni wakati au ni hali? "Amesimama", "amekimbia" na mti ulioanguka mwaka juzi

Mwalimu_Kitale aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa Kitale. Wiki hii tulikuwa kwenye nyakati na hali. Nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: -li- ni wakati uliopita, -na- ni wakati uliopo, -ta- ni wakati ujao, na -me- ni kitendo kilichotendeka muda mfupi uliopita. Nikatoa mifano: ameandika, amekula, amefika.

Msichana mmoja akainua mkono. Nje ya dirisha letu kuna mkaratusi uliong'olewa na upepo mwaka juzi na haujapasuliwa mpaka leo. Akauliza: "Mwalimu, ule mti umeanguka au ulianguka? Kama -me- ni muda mfupi, mbona kila siku tunasema umeanguka?" Kabla sijamjibu, mwenzake akadakia: "Na mwalimu mwenyewe amesimama. Hatusemi alisimama muda mfupi uliopita, tunasema yuko wima sasa hivi."

Niliwaahidi jibu Jumatatu. Kinachonisumbua zaidi ni hili la pili. Nikisema "Otieno amesimama", naelewa yuko wima sasa. Nikisema "Otieno amekimbia", sielewi kwamba yuko mbioni sasa. Kiambishi ni kilekile. Tofauti inatoka wapi? Na kama -me- si wakati, niwaambie ni nini, kwa maneno ambayo mtahini hatawakata alama?

Wa_Nyeri:

Mwalimu, silabasi inasema ni hali timilifu. Waambie hali timilifu, uendelee na mada. Ukifungua mambo mengine utawachanganya watoto.

Mwalimu_Kitale:

Nimewaambia, ndugu yangu. Wameuliza kilichotimilika ni nini, ikiwa mtu bado amesimama.

Mhariri_Mstaafu:

Mwalimu, salamu kutoka Morogoro. Nilikuwa mhariri wa habari katika gazeti la Kiswahili Dar es Salaam hadi nilipostaafu, na sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuangalia viambishi vya njeo, yaani vya wakati na hali, katika habari kabla hazijaenda mtamboni. Mwandishi akileta "mtuhumiwa amekamatwa" na mwingine akaleta "mtuhumiwa alikamatwa", kwangu hizo ni habari mbili. Ya kwanza inaniambia mtu yuko mahabusu. Ya pili inaniacha na swali: na sasa yuko wapi? Kaachiwa kwa dhamana? Katoroka? Nilikuwa nampigia simu mwandishi papo hapo, kwa sababu msomaji naye angeuliza hivyo hivyo.

Wanafunzi wako wameona jambo la kweli, usiliache lipite. -me- haisemi lini. Inasema tukio limefika kikomo, na kile kilichozaliwa na kikomo hicho bado kipo wakati tunaouzungumzia. Mkaratusi wenu utaendelea kuwa umeanguka hata ukikaa pale miaka kumi. Siku utakapopasuliwa na kubebwa, nyote mtaanza kusema "kulikuwa na mti pale, ulianguka kwa upepo." Siku hiyo muda hautakuwa umerefuka ghafla. Kitakachokuwa kimetoweka ni mti uliolala chini.

Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka 1987. Mpaka leo nyumbani tunasema "babu ametuachia shamba", kwa sababu shamba lipo na tunalilima. Tungekuwa tumeliuza, tungesema "babu alituachia shamba." Mtu yuleyule, tendo lilelile, mwaka uleule. Au chukua tukio tunalolijua sote: tarehe 14 Oktoba 1999 watu waliambiana "Mwalimu Nyerere amefariki", kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa pengo lililobaki nchini asubuhi ile. Kitabu cha historia kinaandika "alifariki tarehe 14 Oktoba 1999", kwa kuwa chenyewe kinataka kulipanga tukio mahali pake katika mfululizo wa miaka. -li- inapeleka tukio kwenye kalenda. -me- inalileta hapa tulipo.

Kama kuna mwalimu mwenzako ambaye bado anashikilia "muda mfupi uliopita", mpe sentensi ambazo ndani yake hakuna tukio lolote. Tanzania imepakana na nchi nane. Ndizi imepinda. Barabara imepita nyuma ya msikiti. Kisiwa cha Pemba kimezungukwa na bahari. Muulize: ndizi ilikuwa imenyooka lini kabla ya kupinda? Barabara ilipita saa ngapi? Hakuna kilichotendeka, si zamani wala muda mfupi uliopita. Kuna mkao tu, na Kiswahili kinautaja mkao huo kwa -me-. Mifano hii ndiyo ningeianza nayo Jumatatu, kabla ya "ameandika" na "amekula", maana hiyo miwili ndiyo inayoleta dhana potofu ya muda mfupi.

Halafu waandikie ubaoni: "Kesho saa kumi atakuwa amefika." Kama -me- ingekuwa wakati uliopita, sentensi hii ingekuwa inajipinga yenyewe, kesho na iliyopita kwa pamoja. Lakini haijipingi. Vitenzi viwili vimegawana kazi: "atakuwa" anatuweka kesho saa kumi, "amefika" anatuambia hapo tutakapokuwa, kufika kutakuwa kumekwisha. Badilisha kitenzi cha kwanza tu: alikuwa amefika, huwa amefika, awe amefika. -me- haijali imewekwa siku gani, kazi yake haibadiliki.

Sasa swali lako la simama na kimbia, ambalo ndilo tamu. Jibu lake haliko kwenye kiambishi, liko kwenye kitenzi chenyewe. Kila kitenzi huja na umbo la tukio ndani yake. "Simama" kwa Kiswahili ni kuingia katika wima. Ni mlango: ukishaupita, uko upande wa pili, umesimama, na utabaki umesimama mpaka ukae. Hivyo hivyo kaa, lala, vaa, shika, beba, panda, nyamaza, nuna, choka, lewa, shiba. "Anavaa shati": mkono mmoja umeingia, wa pili bado. "Amevaa shati": yumo ndani ya shati. "Anapanda basi": mguu uko kwenye ngazi. "Amepanda basi": kaketi dirishani, yuko safarini. Kwa vitenzi hivi -na- inatuonyesha mtu akiwa bado mlangoni, na -me- inatuonyesha yuko ndani.

"Kimbia" haina mlango wa namna hiyo. Ni shughuli, inaendelea kwa kadiri miguu inavyoweza, na ikiisha haikuachi mahali papya palipo na jina. Kwa hiyo ukitaka kusema yuko mbioni, unasema anakimbia. Ukisema "Otieno amekimbia", msikilizaji anatafuta matokeo ya kushika: labda amemaliza zoezi lake na jasho linamtoka, au, kama ni mwizi, ametoroka na hayupo. Angalia jinsi maana ya pili inavyokuja yenyewe. -me- inadai matokeo, na kitenzi kisipokuwa nayo dhahiri, sisi tunayatafuta.

Kuna kundi la tatu: jua, penda, taka, amini. Haya ni mahali tu, hayana mwendo ndani yake, na ndiyo maana hali ya sasa inasemwa kwa -na-: anajua, anapenda. Ukiweka -me- hapa unarudi nyuma kwenye mlango: "sasa amejua ukweli" maana yake jana hakuujua. Kwa "simama" hali iko kwenye -me-. Kwa "jua" hali iko kwenye -na-. Mtoto akilishika hili, ameshika jambo kubwa.

Na kitenzi kimoja kinaweza kuwa na maumbo mawili. "Anakaa Tandika" ni makazi. "Amekaa kibarazani" ni mkao wa mwili. Hakuna mzaliwa wa lugha hii anayechanganya hayo mawili, hata mtoto wa miaka mitatu, na hakuna aliyemfundisha.

Kama unataka kipimo ambacho mwanafunzi anaweza kukitumia mwenyewe, mpe neno "bado". Bado amesimama. Bado amelala. Bado amenuna. Bado ameshika kamba. Zote zinakubali, kwa kuwa hali inaweza kuendelea. Sasa jaribu "bado amefika", "bado amekohoa", "bado amepiga makofi." Sikio linakataa. Vitenzi vinavyokubali "bado" pamoja na -me- ndivyo vyenye mlango na chumba nyuma yake. Waachie darasa zima dakika ishirini na orodha ya vitenzi, wavigawe wenyewe kwa masikio yao. Watagombana kuhusu baadhi, na ugomvi huo ndio somo.

Waambie pia waangalie mkia wa kitenzi, maana mara nyingi umbo la tukio linaonekana pale. Vingi vinavyoishia -aa ni vya kuingia katika hali na kubaki: kaa, jaa, chuchumaa, duwaa, zubaa, chakaa, zagaa, tapakaa. Ndiyo maana tunasema amechuchumaa, takataka zimezagaa, kiatu kimechakaa. Ng'aa inajitenga kidogo, nyota zinang'aa. Vinavyoishia -ama vinahusu mkao: simama, inama, kwama, gandama. Gari limekwama, na litabaki limekwama. Halafu kuna -ika na -eka, na hapa lugha yetu inanifurahisha kila ninapoifikiria. "Kikombe kimevunjika": tukio limepita, vipande viko sakafuni. "Kikombe hiki kinavunjika upesi": hakijavunjika hata kidogo, tunasifia au tunalaumu tabia yake. "Barabara inapitika" haisemi kwamba mtu yeyote anapita sasa. Kiambishi cha -na- kikikutana na -ika, mara nyingi tukio linageuka kuwa uwezekano.

Sijagusa upande wa kukanusha, na pale ndipo hoja yote inapothibitika. "Hakufika" imefunga mlango. "Hajafika" imeuacha wazi, bado tunamtazamia. Kijana anaweza kusema "sijaoa." Padri mzee anasema "sikuoa." Na kuhusu marehemu huwezi kusema "hajazaa", utasema "hakuzaa", kwa sababu kwa aliyefariki hakuna tena la kusubiri. Kama -me- na -ja- zingekuwa habari ya muda mfupi tu, tofauti hii isingekuwepo.

Samahani kwa urefu. Mtu akiuliza jambo hili kwa dhati, nami najibu kwa dhati.

Karani_Tanga:

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni karani katika mahakama ya mwanzo mkoani Tanga. Mashauri yetu yanaendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka hukumu, kwa hiyo haya uliyoyaandika ndiyo maisha yetu ya kila siku.

Shahidi akisema "nilimkuta ameshika panga", maana yake panga lilikuwa mkononi tayari, hajui lilifikaje pale. Akisema "nilimwona akishika panga", ameshuhudia mkono ukienda kulichukua. Akisema "nilimwambia ondoka, akashika panga", ameweka mfuatano: kwanza maneno yangu, kisha panga. Sentensi ya tatu ina -ka-, na -ka- ndiyo inayobeba nani alianza. Wakili au mshtakiwa akihoji, mara nyingi anahoji hapo hapo.

Na mlango. "Nilikuta mlango umevunjika" na "nilikuta mlango umevunjwa" haziandikwi kana kwamba ni kitu kimoja. Umevunjika: hali ya mlango tu, huenda ni upepo, huenda ni uchakavu. Umevunjwa: tayari shahidi ameingiza mtu, hata kama hakumwona. Hakimu makini husimama hapo na kuuliza, "Umejuaje kwamba umevunjwa?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara naona jinsi herufi mbili zinavyoweza kubeba tuhuma nzima.

Kingine: "alikuwa anavuka barabara", "alikuwa amevuka barabara", "alivuka barabara". Katika shauri la ajali, ya kwanza inamweka aliyegongwa katikati ya lami, ya pili ng'ambo, ya tatu haisemi alikuwa wapi gari lilipokuja. Mimi huandika neno kwa neno alivyosema shahidi, wala sithubutu kunyoosha.

Mhariri_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Usinyooshe hata siku moja. Mfano wa barabara ninaomba Mwalimu auchukue kama ulivyo.

Isimu_Mlimani:

Nachangia kidogo kama mwanafunzi wa uzamili wa isimu. Anachokieleza Mhariri kina historia ndefu katika taaluma. Mwaka 1957 mwanafalsafa Zeno Vendler aligawa vitenzi katika makundi manne kwa kuangalia umbo la tukio. Kuna hali, kama kujua au kupenda. Kuna shughuli zisizo na kikomo cha ndani, kama kukimbia au kusukuma mkokoteni. Kuna utimizo, yaani shughuli yenye kikomo kinachojulikana tangu mwanzo, kama kujenga nyumba au kuandika barua. Na kuna ufikio, tukio la nukta moja, kama kufika au kugundua. Yeye alikuwa akiitazama lugha ya Kiingereza. Tukiyaleta makundi hayo kwenye Kiswahili, simama, lala, kaa na vaa hayakai vizuri katika kundi lolote, kwa kuwa yana ufikio na hali ndani ya kitenzi kimoja. Kwa hiyo "mlango na chumba nyuma yake" cha Mhariri si mapambo. Ni kundi ambalo mtafiti wa lugha za Kibantu analihitaji, na Vendler hakuwa na sababu ya kuliona.

Hata kipimo kinachotumika sana darasani, kile cha kulinganisha "kwa saa moja" na "ndani ya saa moja", kwetu kinatupa shida. "Amejenga nyumba kwa miezi sita" inaweza kuwa ameimaliza kwa muda huo, au ameshughulika nayo muda huo na bado haijaisha. Neno "kwa" linakubali yote mawili. "Ndani ya miezi sita" ndiyo inayodai kikomo. Kipimo cha "bado" pamoja na -me- kinafanya kazi vizuri zaidi kwetu.

Kuhusu "atakuwa amefika", Hans Reichenbach alipendekeza mwaka 1947 kwamba tutofautishe nukta tatu: muda wa kusema, muda wa tukio, na muda wa kurejelea, yaani mahali tunapojiweka kulitazama tukio. "Atakuwa" inaweka muda wa kurejelea mbele ya muda wa kusema. "Amefika" inaweka tukio nyuma ya muda wa kurejelea. Tukio lenyewe likilinganishwa na sasa halijatajwa: huenda mtu huyo amefika tayari, huenda bado. Ndiyo maana tunaweza kusema "saa hizi atakuwa amefika", tukikisia habari za sasa kwa kiambishi cha wakati ujao.

Wa_Nyeri:

Nimerudi, nikiri kwamba mada imenivuta. Naona jambo hili si la Kiswahili peke yake. Kwa Kikuyu mtu aliyesimama ni *arũgamĩte*, aliyelala ni *akomete*, aliyekaa ni *aikarĩte*. Mkia wa -ĩte au -ete ndio unaosema "ameshaingia katika hali hiyo na bado yumo". Wazee wetu waliweka mwishoni mwa kitenzi kile ambacho Kiswahili kimekiweka mbele.

Swali kwa wengine: na -anga? Nairobi kila mtu anasema "anaendanga", "nakulanga". Nikimsikia mwanafunzi namsahihisha aseme "huenda", "hula". Hiyo nayo ina maana yoyote ya hali?

Bujumbura_Kwetu:

Sisi kwa Kirundi tunasema *aricaye* kwa aliyekaa, *arahagaze* kwa aliyesimama, *araryamye* kwa aliyelala. Vilevile mwishoni. Na mtu anapojifunza Kiswahili akitokea kwetu, "amesimama" haimsumbui hata kidogo.

Kibokoni:

Hata Kiswahili chenyewe kilikuwa nao mkia huo. Tenzi za kale za Lamu na Mombasa zimejaa, na katika lahaja za kaskazini utasikia *simeme* kwa amesimama na *lele* kwa amelala. Kwa hivyo wa Nyeri na wa Bujumbura ni jamaa zetu wa damu katika hili.

Lakini mzee wa Morogoro nataka kumkatalia kidogo, kwa heshima. Huku kwetu twasema "nimemuona jana sokoni" wala hapana anayeshtuka. Jana ni kalenda, na bado twatia -me-. Vipi basi?

Mhariri_Mstaafu:

Umenikamata mahali pazuri, ndugu yangu wa Mombasa. Nimeisikia hiyo Unguja, nimeisikia Dar es Salaam, hata Morogoro wanasema. Maoni yangu: msemaji anayesema "nimemwona jana sokoni" analeta habari ambayo bado ni ya moto mazungumzoni. Anayesema "nilimwona jana sokoni" anaanza kisa, nami nangoja "nikamsalimu, akaniambia". Jaribu kuendeleza ya kwanza kwa -ka-, utaona inavyokwama mdomoni. Hata hivyo sitadai kwamba hilo linamaliza kila kitu. Pwani -me- imepanuka kuelekea wakati uliopita, na lugha ina haki ya kusogea. Kwenye karatasi ya mtihani mwanafunzi aandike "nilimwona jana". Kwenye baraza yake aseme kama mama yake anavyosema.

Wa Nyeri, -anga unayoisahihisha ina ndugu yake huku: "anaendaga", "nakulaga", hasa kwa watu wa Kanda ya Ziwa, na siku hizi kwa vijana wa Dar wote. Kiambishi hicho -ag- au -ang- ni cha lugha nyingi za Kibantu, ni cha kale, na kazi yake ni kusema tendo linajirudia au ni desturi. Kiswahili sanifu kiliichagua hu- kwa kazi hiyo. Kwa hiyo msahihishe mwanafunzi kwa ajili ya sanifu, lakini usimwambie amebuni ujinga. Amechukua chombo halali kutoka nyumba ya jirani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye desturi, nitaje -a-, ile mnayoiita Kenya wakati usiodhihirika. Mimi nimeishi nayo kwenye vichwa vya habari: "Waziri azindua daraja", "Yanga yaichapa Simba". Mechi imekwisha jana yake, daraja limezinduliwa, na bado hatuandiki -li- wala -me-. Kichwa cha habari kinataja tukio bila kulipachika siku, kwa sababu tarehe iko juu ya ukurasa na sentensi ya kwanza ya habari itarudi na -me- au -li-. Nilikuwa nakataa kichwa cha habari chenye -li-. Kinasomeka kama kumbukumbu.

Mwalimu_Kitale:

Nawashukuru wote, na shikamoo kwa wakubwa wangu. Jumatatu naanza na ndizi na mipaka ya Kenya, kisha mkaratusi, kisha zoezi la "bado". Mambo mawili tu yamebaki. Nataka sentensi moja ambayo mwanafunzi anaweza kuiandika kwenye mtihani bila kunyang'anywa alama. Na msichana yule lazima ataniuliza kuhusu "ameshafika", namjua. Inaongeza nini juu ya "amefika"?

Isimu_Mlimani:

La kwanza: "-me- huonyesha hali timilifu, yaani tukio limekamilika na matokeo yake yapo wakati unaorejelewa." Maneno "hali timilifu" yamo, mtahini ataridhika. Yaliyobaki ni ukweli.

Mhariri_Mstaafu:

Hiyo sentensi ni nzuri, ichukue kama ilivyo.

Kuhusu -sha-, ilianza kama kitenzi kizima: amekwisha kufika, ikawa amekwishafika, ikawa ameshafika, na mtaani sasa ni keshafika. Inaongeza matarajio. "Amefika" inajibu mtu asiyejua lolote. "Ameshafika" inajibu mtu aliyekuwa anangoja au aliyedhani bado, kwa hiyo mwenzake wa kweli ni "hajafika". Ukimpigia simu dereva kumwambia akamchukue mgeni stendi, na mgeni yuko sebuleni kwako, hutasema "amefika", utasema "ameshafika, usihangaike." Na ukikaribishwa chakula, "nimekula" peke yake inasikika kavu. "Nimeshakula, ahsante" inaonyesha umeuelewa mwaliko.

Akikuuliza, mjibu hivyo. Asipouliza, iache ya kidato cha tatu.